Mgeni wa Miezi Mitatu Akighairi

Mgeni aliyeweka nafasi ya siku tatu katika nyumba ya likizo akighairi, ugomvi huwa mdogo. Pesa ni chache, nyumba inaweza kupata mgeni mwingine wiki hiyohiyo, na kila upande unaumia kidogo tu. Aliyeweka nafasi ya miezi mitatu akighairi, ni habari nyingine kabisa. Kalenda ya msimu mzima ilikuwa imefungwa kwa jina lake, wageni wengine wameshaambiwa hakuna nafasi, na kama amelipa basi amelipa mamilioni. Wenye nyumba na wageni wengi huingia katika makubaliano ya namna hii wakidhani kanuni ni zilezile za siku tatu, zimerefushwa tu. Sivyo. Ukaaji mrefu una kanuni zake, na asiyezijua huzisoma kwa mara ya kwanza siku ya kugombana.

Jambo hili si la watu wachache. Kampuni ya Airbnb iliwaeleza wanahisa wake kwamba mwaka 2019 ukaaji wa usiku 28 au zaidi ulikuwa asilimia 14 ya usiku zote zilizowekwa nafasi kwake, na katika robo ya kwanza ya 2021 ukafika asilimia 24. Janga la korona lilikuwa limewafungua watu kutoka maofisini. Mtu aliyekuwa akija pwani kwa wiki moja akagundua anaweza kuja na kompyuta yake na kukaa msimu mzima. Sera za serikali nazo zimesukuma upande huohuo. New York ilipoanza kutekeleza sheria yake Septemba 2023, upangishaji wa chini ya siku 30 uliwekewa masharti mazito, na wenye nyumba wengi wakageukia wageni wa mwezi na zaidi. Kenya mwaka 2024 ilitangaza kibali cha Daraja N kwa wanaofanya kazi zao kwa mtandao. Kwetu pwani, Paje na Jambiani, Diani na Watamu, mgeni wa miezi miwili au mitatu anayefuata upepo wa kusi si mgeni wa ajabu tena.

Mpaka wa kwanza wa kuujua ni hizo usiku 28. Chini ya hapo, mgeni wa Airbnb anafuata kanuni ya kughairi aliyoichagua mwenyeji kwa wageni wa muda mfupi. Zikifika 28, kanuni ya muda mrefu inachukua nafasi yake, hata kama ukurasa wa nyumba unajisifu kuwa na masharti mepesi. Mgeni aliyeweka usiku 27 kisha akaongeza mmoja ili apate punguzo la mwezi, amehama kanuni.

Kanuni hiyo inafanyaje kazi? Tuchukue mfano wa nyumba ya Paje inayokodishwa kwa shilingi 3,000,000 kwa kila usiku 30, yaani 100,000 kwa usiku. Mgeni anaweka usiku 90, kuanzia Julai 1. Jumla ni shilingi 9,000,000. Anakatwa malipo ya mwezi wa kwanza anapothibitisha nafasi, na mengine yatafuata mwezi kwa mwezi.

Akighairi Mei 25, zimebaki siku 37 kabla ya kufika. Chini ya kanuni ya Airbnb ya ukaaji mrefu iitwayo thabiti, anayeghairi siku 30 au zaidi kabla ya kuingia anarudishiwa zote. Hana deni.

Akighairi Juni 10, zimebaki siku 21. Hapo siku 30 za mwanzo za ukaaji hazirudi. Shilingi 3,000,000 zimekwenda. Miezi miwili iliyobaki hadaiwi.

Sasa mfano unaowashangaza watu. Mgeni anafika Julai 1, anakaa, na Julai 11 anaamua kuondoka. Amelala usiku kumi. Kanuni inasema atalipia usiku alizokaa, pamoja na siku 30 zaidi. Kumi na thelathini ni arobaini, kwa hiyo anadaiwa shilingi 4,000,000. Alishalipa tatu, anaongezewa moja. Pamoja na kuaga mapema, anakatwa pesa zaidi wakati yeye alitegemea kurudishiwa chenji.

Na akikaa hadi Septemba 5 ndipo aondoke, amekwisha kulala usiku 66. Zimebaki 24, ambazo hazifiki 30. Harudishiwi kitu, kwa sababu siku za kulipia baada ya taarifa zimemeza kipindi chote kilichobaki.

Ukiitazama kwa jicho la hoteli, kanuni hii inaonekana ya kikatili. Hoteli inahesabu usiku. Mgeni akitoka leo, chumba kinauzwa kesho. Lakini ukiitazama kwa jicho la mpangaji wa kawaida wa Kariakoo au Likoni, unaitambua mara moja: ni notisi ya mwezi mmoja. Mpangaji anayetaka kuhama humwambia mwenye nyumba mwezi mmoja kabla, asipomwambia analipa huo mwezi. Waandishi wa kanuni za ukaaji mrefu walichukua desturi ya upangaji wakaivika nguo za utalii. Mgeni anajiona mtalii, ila mkataba wake unamhesabu kama mpangaji. Hilo likieleweka, karibu masharti yote mengine yanajieleza yenyewe.

Je, ni haki? Nadhani msingi wake ni wa haki. Mwenye nyumba aliyefunga kalenda kwa siku 90 amejinyima wageni, na mwezi mmoja ni muda wa kuridhisha wa kutafuta mwingine. Ila kuna pengo moja linalonisumbua. Kanuni haiulizi kama nyumba imepata mgeni mwingine. Yule wa Juni 10 anapoteza milioni tatu zake hata kama kufikia Juni 14 nyumba imeshachukuliwa na mtu mwingine kwa tarehe zilezile. Mwenye nyumba analipwa mara mbili kwa kitanda kimoja, na jukwaa halimlazimishi kurudisha hata senti. Anaweza kurudisha kwa hiari yake, na wapo wanaofanya hivyo.

Sheria za nchi zetu zina mwelekeo wa busara zaidi. Sheria ya Mikataba ya Tanzania Bara, Sura ya 345, katika kifungu cha 74 inasema mkataba unapovunjwa na ndani yake kuna kiasi kilichotajwa kuwa cha kulipwa, aliyeumizwa anapata fidia inayofaa, isiyozidi kiasi hicho. Maana yake kiasi kilichoandikwa ni dari. Mtu hapati chote kwa sababu tu kimeandikwa, anapata kinacholingana na haki. Zanzibar ina sheria yake ya mikataba na Kenya ina yake, lakini wazo kwamba fidia ifuate hasara halikuzaliwa Dodoma wala halikuishia huko. Mwenye nyumba muungwana anaweza kuliandika mwenyewe kwa sentensi moja: nikimpata mgeni mwingine kwa tarehe ulizoziacha, nitakurudishia nilichopata kutoka kwake, hadi kufikia ulichonilipa. Sentensi hiyo haimpunguzii chochote alichostahili.

Tusimwonee mwenye nyumba, kwa kuwa siku 30 zinaweza kumuumiza yeye vilevile. Pwani yetu inaishi kwa msimu. Wanaokuja kuchezea upepo wa kusi hupanga safari zao mapema. Mgeni wetu akighairi Mei 25 na kurudishiwa zote, mwenye nyumba anabaki na Julai, Agosti na Septemba tupu, wakati wale ambao wangemfaa walishaweka nafasi kwa jirani tangu Machi. Mgeni akighairi nafasi ya Aprili, katikati ya masika, hakuna wa kuziba pengo hata kwa nusu bei. Kwa hiyo mtu anayepangisha moja kwa moja, bila jukwaa, asione haya kudai taarifa ya siku 60 kwa msimu wa juu, mradi ameandika na mgeni amesoma kabla ya kulipa. Kinachouma ni sharti linalojitokeza baada ya pesa kupokelewa.

Punguzo la mwezi nalo huleta mabishano ya bure. Nyumba ya 150,000 kwa usiku inaweza kutolewa kwa 100,000 kwa anayekaa mwezi na zaidi. Mgeni akiondoka baada ya siku 12, je, zile siku 12 zihesabiwe kwa bei gani? Mwenye nyumba atasema punguzo lilikuwa la mwezi na mwezi haukutimia. Mgeni atasema alikubali laki moja. Wote wana hoja, na asiyeandika jibu mapema atalitafuta kwa hasira. Mara nyingi njia ya amani ni kuomba kubadilisha tarehe badala ya kughairi. Mwenyeji akikubali kufupisha ukaaji, hesabu inafanywa upya kwa maelewano na ile adhabu ya siku 30 inaweza kuepukwa. Ila hilo ni ombi, mwenyeji ana haki ya kukataa.

Tukifika kwenye majanga, mizani inabadilika. Machi 14, 2020, Airbnb ilitangaza kwamba wageni walioweka nafasi kufikia siku hiyo, wenye kuingia kati ya Machi 14 na Aprili 14, wangeweza kughairi na kurudishiwa zote, bila kujali kanuni aliyoiweka mwenyeji. Tarehe za mwisho zikasogezwa baadaye. Wageni walishukuru. Wenyeji, wengi wao wakiwa na mikopo ya nyumba, waliona kanuni walizozitegemea zikifutwa na mtu wa tatu kwa tamko moja. Machi 30 mkurugenzi mkuu, Brian Chesky, akatangaza dola milioni 250 za kuwafidia, asilimia 25 ya kile ambacho wangepata chini ya kanuni zao. Kwa upande wetu, Kenya ilikuwa imefunga safari za ndege za kimataifa tangu Machi 25, na Tanzania ikafuata Aprili 12. Mgeni hata angetaka kuja, asingefika.

Jambo la kukumbuka kutoka mwaka ule ni kwamba kanuni unayoisoma kwenye jukwaa ina mkono mwingine juu yake. Airbnb iliandika upya utaratibu wake wa dharura, ukaanza kutumika Juni 6, 2024. Unahusu matukio makubwa yanayopiga mahali nyumba ilipo, kama maafa ya asili, vita, dharura ya afya iliyotangazwa, au amri ya serikali inayozuia kusafiri. Haumfuniki mgeni aliyeugua, aliyefiwa, aliyenyimwa likizo na mwajiri, wala aliyekosa ndege. Kwa ukaaji wa siku tatu hayo ni mambo ya nadra. Kwa ukaaji wa miezi mitatu, uwezekano wa mtu kuugua au kuitwa nyumbani ni mkubwa zaidi, kwa kuwa miezi mitatu ni sehemu ya maisha yenyewe. Pengo hilo huzibwa na bima ya safari, nayo isomwe kipengele cha kughairi kabla ya kununuliwa, kwani nyingi hutaja sababu chache tu.

Swali la nani abebe hasara ambayo hakuna aliyeisababisha ni la zamani, na kisa kinacholieleza vizuri kuliko vyote ni cha nyumba ya kukodi. Juni 1902 Edward wa Saba alikuwa avikwe taji mjini London. Bwana Henry akaona tangazo dirishani mwa nyumba ya Bwana Krell, mtaa wa Pall Mall, akakodi vyumba kwa mchana wa Juni 26 na 27 ili atazame msafara. Bei ilikuwa pauni 75, naye akatanguliza 25. Siku mbili kabla, mfalme akapatwa na ugonjwa wa kidole tumbo, sherehe ikaahirishwa. Vyumba vilikuwepo, vimefagiliwa, dirisha liko wazi, lakini barabarani hapakuwa na cha kutazama. Mwaka 1903 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba Henry hadaiwi pauni 50 zilizobaki, kwa sababu msafara ndio uliokuwa msingi wa makubaliano hata kama mkataba haukuutaja.

Mwaka uliofuata mahakama hiyohiyo ikasikiliza kesi ya Chandler na Webster, juu ya chumba kilichokodiwa kwa ajili ya msafara uleule. Bei ilikuwa pauni 141 na shilingi 15, na Chandler alikuwa amelipa 100. Yeye hakurudishiwa hata moja, na akaamriwa kumalizia zilizobaki. Mfalme ni mmoja na ugonjwa ni mmoja. Tofauti ni kwamba malipo ya Chandler yalitakiwa yakamilike kabla ya sherehe kuahirishwa, wakati salio la Henry lilikuwa halijafika siku yake. Hasara iliachwa ilale pale ilipoangukia. Uonevu huo ulirekebishwa Uingereza kwa uamuzi wa kesi ya Fibrosa na kisha kwa sheria ya 1943, iliyoruhusu aliyelipa kurudishiwa, huku mahakama ikiweza kumwachia mwenzake gharama alizokwisha kuingia.

Nimekaa na kisa hiki kwa sababu kinafundisha kitu ambacho kanuni za kughairi hazikisemi: ratiba ya malipo nayo ni kanuni ya kughairi. Aliyelipa miezi mitatu kwa mpigo atakuwa mwombaji siku mambo yakiharibika, hata akiwa na haki zote. Anayelipa mwezi kwa mwezi anazungumza akiwa bado na kitu mkononi. Mwenye nyumba naye asiyepokea chochote hadi mgeni afike ameshika kalenda bure. Malipo ya mwezi wa kwanza wakati wa kuweka nafasi, kisha kila mwezi mwanzoni mwake, ndiyo njia iliyo karibu zaidi na usawa. Kenya, ambayo kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, hufuata kanuni za mikataba za Kiingereza, na Tanzania Bara, yenye kifungu cha 56 kuhusu mikataba isiyowezekana tena kutekelezwa, zote zinajua hoja ya Henry. Lakini kuijenga mahakamani ni kazi, na ratiba nzuri ya malipo huiondoa kazi hiyo.

Hatari kubwa kuliko zote haiko kwenye majukwaa. Iko kwenye makubaliano ya simu. Mgeni anakuja mara ya kwanza kupitia mtandao, anaipenda nyumba, mwakani anampigia mwenye nyumba au dalali moja kwa moja ili wote wakwepe ada. Anatuma kwa M-Pesa au benki, anapata ujumbe wa “nimepokea, karibu sana”, basi. Hakuna tarehe ya mwisho ya kughairi, hakuna maelezo kama pesa ile ni kodi, amana ya uharibifu au kitu cha kushikia nafasi. Kila mmoja ana jibu lake kichwani, na majibu hayo hugundulika kuwa tofauti siku ya kughairi.

Pwani tuna kawaida ya kale inayohusika hapa, arbuni, fedha ya kutanguliza ambayo mnunuzi au mpangaji huipoteza akijitoa. Wanazuoni walitofautiana juu yake. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani, pamoja na Hanafi na Maliki, hayakuikubali, kwa hoja kwamba mwenye mali anachukua fedha ya mwenzake bila kutoa kitu. Hanbali waliikubali. Mwaka 1993 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lenye makao Jeddah, liliiruhusu kwa sharti kwamba muda wa kusubiri uwekwe wazi. Sharti hilo ni la maana kwa mtu wa dini yoyote. Fedha ya kushikia nafasi bila tarehe ni mtego kwa anayetoa na mzigo kwa anayepokea. Ikiwa na tarehe, kila mmoja anajua ni lini imekuwa ya nani.

Njia ya taarifa nayo iandikwe. Mtandao ulipozimwa Tanzania mwishoni mwa Oktoba 2025, yeyote ambaye mkataba wake ulitambua ujumbe wa programu peke yake alikuwa hana namna ya kughairi kwa wakati. Andikeni kwamba ujumbe mfupi wa simu unatosha.

Kwa wenzetu walioko Ulaya, onyo moja. Wengi wanaamini kwamba chochote kilichonunuliwa kwa mtandao kinaweza kurudishwa ndani ya siku 14. Agizo la Umoja wa Ulaya la 2011 kuhusu haki za wanunuzi, katika ibara ya 16, linayaondoa malazi yasiyo ya makazi yenye tarehe maalumu, na Uingereza ina kanuni kama hiyo. Nyumba ya likizo ya Watamu ukiiwekea nafasi ukiwa Hamburg haina siku 14 za kujifikiria, labda mwenye nyumba akupe mwenyewe. Na kwa aliye Kenya anayedai kisichozidi shilingi milioni moja, ipo Mahakama ya Madai Madogo, inayotakiwa na sheria kutoa hukumu ndani ya siku 60. Haihitaji wakili. Inahitaji maandishi.

Basi kabla hujatuma au kupokea pesa ya nyumba ya miezi, andika ujumbe mmoja wenye mambo haya na umpe mwenzako asome: tarehe ya mwisho ya kughairi bila hasara, kiasi kinachopotea baada ya hapo, hesabu ya anayeondoka katikati, bei itakayotumika punguzo likivunjika, na kitakachorudi nyumba ikipata mgeni mwingine. Subiri ajibu kwa maandishi kwamba amekubali. Asipojibu, usitume, na kama ni wewe mwenye nyumba, usifunge kalenda.